Misumari ya Bamba la Chini

4 Februari

Dada,

Shikamoo. Nimefika salama, mifupa yangu yote iko mahali pake, ingawa lile lori lilijitahidi sana kuihamisha.

Mwajiri wangu ana kiwanda cha mbao, ndiyo maana hapa kila mtu anamwita Bwana Mbao, hata mkewe. Amenipa karakana nyuma ya nyumba kubwa: dirisha moja refu linalotazama ua, meza nzito, majiliwa mawili ya kubania mti, na zana za fundi aliyekuwepo kabla yangu. Zana zote, Dada. Patasi kumi na moja zimeviringishwa kwenye kitambaa chenye mafuta, zinakata kama wembe. Nilimuuliza karani wa nyumba mwenye zana yuko wapi. Akasema, "Aliacha kazi." Nikamuuliza ni fundi gani anaacha kazi na kuacha patasi zake. Akasema chakula kiko tayari.

Kazi yenyewe ni gobore la marehemu baba yao. Bwana Mbao ana mdogo wake, baba mmoja mama mbalimbali, mtu wa kufuga nyuki, anakaa ng'ambo ya mto. Wamegombania msitu wa baba yao miaka kumi na miwili. Sasa Bwana Mbao anataka yaishe. Atampa mdogo wake gobore hilo kama zawadi ya mapatano, likiwa na kitako kipya chenye njumu: majani ya mfupa yaliyopachikwa kwenye mti na kushikiliwa kwa misumari ya fedha. Mti nimeshaupata, umekauka miaka tisa, ukiugonga unalia kama kengele. Mfupa ninao. Misumari ni yako.

Nataka sitini. Kichwa kiwe kidogo kama dengu, kichorwe ua la petali tano. Urefu kama punje ya mchele. Nimemwambia Bwana Mbao kwamba misumari ya namna hiyo anaijua mtu mmoja tu, na mtu huyo ni mkali. Akasema, "Mwandikie kwa adabu basi." Haya, nimeandika kwa adabu.

Msalimie Mama. Macho yake vipi?

Mdogo wako,
Msasa


13 Februari

Msasa,

Marahaba. Naona umeanza kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa. Mimi si mkali. Mimi ni dada wa mtu ambaye Baba mwenyewe alimwita Msasa kwa sababu kila alichokigusa alikikwaruza.

Misumari sitini ni hii, imo kwenye pamba. Imenila siku nne, usiku na mchana. Nimeyeyusha mikufu iliyokatika, nikavuta waya kwenye bamba la matundu, kutoka tundu nene hadi jembamba, na kila baada ya matundu matatu naupasha moto ulainike, la sivyo unakatika na mimi naanguka chali. Kisha nakata, nasimamisha kipande kwenye chuma chenye kitundu, kinachobaki juu nakigonga mara tatu kinalala kuwa kichwa. Mara ya nne kinapasuka. Petali nachora nikiwa nimeshika pumzi. Jirani alikuja kuazima chungio kwangu, akanikuta nimekodoa macho bila kupumua, akakimbia kumwita Mama. Chini ya kila kichwa nimeweka alama yangu, jani moja dogo, kama kawaida.

Toboa kwanza kabla ya kugonga. Fedha ni laini, ukiilazimisha kwenye mti mgumu inajikunja.

Na mambo mawili aliyotufundisha Baba, ambayo nakukumbusha kwa sababu wewe ukishapenda mti husikii kitu kingine. Kwanza, kabla ya kitako, angalia mtutu wenyewe, ndani na nje, kwenye mwanga. Pili, skrubu zinazofunga mtutu na kitako ziache wazi, mtu aweze kuzifungua akague. Umeangalia mtutu? Niandikie.

Mama anaona kivuli cha watu, nyuso hapana. Anakutambua kwa kikohozi, na wewe haupo ukohoe.

Dada yako


24 Februari

Dada,

Shikamoo. Misumari imefika na imenitoa machozi, sitanii. Nimeanza majani ya upande wa kushoto. Bwana Mbao huja karakana kila siku baada ya chakula cha mchana, anaketi kwenye kigoda karibu na mlango, ananitazama. Saa nzima, saa mbili. Mara ya kwanza nilidhani amesinzia, nikageuka, nikakuta macho yake yako kwenye mikono yangu.

Lakini ni mtu mwema. Nakula mezani kwake. Jana alinimegea mkate kwa mkono wake.

Sasa nina ombi. Bwana Mbao anataka bamba moja la fedha upande wa chini wa kitako, refu kama kiganja, lenye jina la baba yao. Bamba ninalo, nahitaji misumari ishirini na minne ya kulishika, yenye ua lile lile. Safari hii shina la kila msumari lisiwe laini. Likwaruze kwa tupa, liwe na meno yanayotazama juu, ili msumari ukishaingia usitoke tena. Hata mtu akitumia koleo.

Najua utauliza. Ndivyo anavyotaka mwenye kazi.

Msasa


5 Machi

Msasa,

Nimesoma barua yako mara tatu, na mara ya tatu nilimsomea Mama. Mama aliyefunga mzigo wa zana za Baba kila asubuhi kwa miaka thelathini aliuliza swali moja: "Upande wa chini si ndiko kwenye skrubu?"

Ndiko. Bamba refu kama kiganja, upande wa chini, linafunika skrubu zote mbili. Na misumari yenye meno maana yake skrubu hizo hazitafunguliwa tena mpaka mtu avunje kitako. Nimefanya kazi hii miaka ishirini na mitatu. Msumari wa pambo unashika pambo. Sijawahi kuombwa msumari wa pambo unaofunga mlango.

Na mimi nilikuuliza jambo. Ulinijibu habari za mkate. Usijitie hamnazo na mimi, nimekuogesha.

Umeangalia mtutu?

Dada yako


14 Machi

Dada,

Nimeangalia. Niliangalia siku ya pili tu baada ya kufika.

Upande wa chini, pale baruti inapokaa, kuna ufa. Urefu wake ni pingili moja ya kidole changu. Juu hauonekani, na kitako kikishafungwa hauonekani kabisa. Nilimwonyesha Bwana Mbao siku hiyo hiyo. Alivaa miwani, akautazama muda mrefu, akaupitisha ukucha. Akasema, "Baba aliupasua mwaka aliokufa. Gobore hili halitapigwa tena, fundi. Ni la kutundikwa ukutani. Funika vizuri, sitaki mdogo wangu aione aibu ya mzee wetu."

Maneno hayo yana ubaya gani? Mtu anasitiri jambo la baba yake. Hivyo ndivyo nilivyojiambia, na siku nyingi nimeweza kuamini.

Halafu juzi nilipata kitu ndani ya kitambaa cha patasi za yule fundi wa kwanza. Karatasi iliyokunjwa, mchoro wa mtutu huu huu, ufa umewekwa alama ya mkaa, na pembeni kaandika: "Nimemwambia sitaki." Basi. Hakuna zaidi.

Nimeomba ruhusa nije kumwona Mama. Bwana Mbao amesema kazi ikiisha. Nilipopita getini mlinzi naye akaniambia kazi ikiisha, kwa maneno yale yale, na yeye sikumuuliza kitu.

Nitumie misumari, Dada. Nimalize niondoke. Mama usimwambie.

Msasa


22 Machi

Mdogo wangu,

Misumari ishirini na minne imo ndani ya kopo la dawa za Mama. Ina meno kama ulivyotaka. Kila mmoja nimeutengeneza mwenyewe kuanzia mwanzo hadi mwisho, kwa hiyo uamini mkono wangu. Gonga mara moja, taratibu, usirudie. Usijaribu kuichomoa.

Ukimaliza fungasha vitu vyako uje. Usingoje kuagwa.

Dada yako


2 Aprili

Dada mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta katika hali njema. Kazi imekamilika na Bwana ameridhika sana. Amenitaka nibaki kidogo nimchongee milango ya sebule. Nimekubali.

Gobore amekabidhiwa mdogo wake, Bwana Mfuga Nyuki, hapa hapa barazani, mbele ya watu wachache. Walikumbatiana. Tarehe 20 Mei kutakuwa na mkusanyiko mkubwa pale msituni watakapoweka mpaka mpya, na imepangwa Bwana Mfuga Nyuki afyatue gobore la baba yao mara moja hewani, mapatano yatangazwe.

Nilimkumbusha Bwana kwamba tulisema ni la ukutani. Alicheka, akaniwekea mkono begani. Aliendelea kuzungumza na wageni na mkono hakuuondoa.

Barua zangu sasa anazipeleka posta karani, kwa wema wake, na huzisoma ili kuhakikisha anwani ni sahihi.

Wako mtiifu,
Mdogo wako


18 Aprili

Kwa Bibi Fundi,

Habari za kazi. Hatufahamiani. Mimi ni mfuga nyuki, na mapema mwezi huu kaka yangu mkubwa alinipa gobore la marehemu baba yetu, limepambwa vizuri mno. Siku ya nne nilipolipangusa vumbi, kichwa kimoja cha msumari kilibanduka kikabaki kwenye kitambaa. Siku ya sita vilibanduka saba. Sasa bamba la chini linaning'inia kwa misumari miwili.

Chini ya vichwa hivyo niliona alama ya jani dogo. Nimeulizia kwa mafundi wa fedha wawili, wote wamenitajia wewe.

Sitaki kumsumbua kaka yangu kwa jambo dogo. Dereva wangu amebeba gobore lenyewe. Tafadhali lirekebishe, tunalihitaji tarehe 20 Mei.

Mfuga Nyuki


25 Aprili

Bwana,

Gobore limefika. Nimelifungua mezani pangu, na ninayoandika hapa nimeyaona kwa macho yangu.

Usilifyatue. Wala usimruhusu mtu yeyote alifyatue. Nimeondoa bamba, nimefungua skrubu, nimetoa mtutu kwenye kitako. Chini yake, pale baruti inapokaa, kuna ufa. Umeanza siku nyingi, kingo zake zina kutu. Baruti ya kawaida ikiwaka humo, chuma kitafunguka upande wa shavu na mkono wa anayeshika.

Misumari haikubanduka kwa bahati mbaya. Niliambiwa itengenezwe ili isitoke kamwe. Nikaipunguza shingo kwa tupa, chini kidogo ya kichwa, mpaka ikabaki kama unywele. Nilitaka bamba lianguke mikononi mwa mtu atakayeuliza kwa nini. Sikumwambia mtu, hata aliyeniagiza.

Aliyeniagiza ni mdogo wangu, ndiye aliyechonga kitako. Nakuomba usome mstari huu polepole: yeye aliambiwa gobore ni la kutundikwa ukutani. Alipouona ufa alimwonyesha kaka yako siku hiyo hiyo. Sasa yuko katika nyumba ile na haruhusiwi kutoka. Sina la kumtetea zaidi ya hilo. Lakini ni kweli.

Mfua fedha


1 Mei

Bibi Fundi,

Nimeisoma barua yako nikiwa kati ya mizinga, mahali pekee ambapo watu hawanifuati. Nakushukuru. Naona sasa nina deni kwako la uhai wangu, na neno hilo si dogo.

Sikushangaa. Hilo ndilo limenihuzunisha. Kaka yangu ananijua tangu natambaa, nami namjua yeye.

Sasa naomba jambo la mwisho. Lifunge gobore kama lilivyokuwa. Bamba mahali pake, misumari imara safari hii, isiyobanduka. Nitalipeleka msituni tarehe 20 likiwa jinsi alivyonipa, na nitalifungua pale pale mbele ya watu wote, ili asiwepo wa kusema mimi ndiye niliyelichezea. Likienda limefunguliwa, litakuwa neno langu dhidi ya neno lake, na watu mia mbili wanakula mshahara wake.

Mdogo wako hataguswa. Nakuahidi.

Mfuga Nyuki


6 Mei

Mdogo wangu,

Mama anaumwa sana. Anakuulizia tangu asubuhi hadi jioni. Muombe Bwana ruhusa uje kabla ya tarehe 20, hata kwa siku mbili. Karani akisoma barua hii, naye ana mama, atakusaidia kuomba.

Mimi niko salama. Nilikuwa na kazi moja ya haraka, nimeimaliza leo asubuhi na mzigo umeondoka.

Njoo.

Dada yako


14 Mei

Dada,

Barua hii namkabidhi mama anayeleta maziwa, itaenda posta ndani ya ndoo tupu, kwa hiyo nisamehe harufu.

Mama ana nini? Hukusema anaumwa nini. Nilimuomba Bwana ruhusa mara mbili. Mara ya kwanza alisema baada ya tarehe 20. Mara ya pili aliinuka akatoka, na kesho yake nikakuta mlinzi amehamishia kiti chake mlangoni pa karakana.

Nimekuwa nikichonga milango ya sebule. Nachonga, natoa, nachonga tena. Kila nikifumba macho namwona yule mfuga nyuki siku aliyopewa gobore. Alinishika mkono, Dada. Aliniambia hajawahi kuona majani ya mfupa yaliyo hai namna ile. Nikamwambia asante.

Nimekata shauri. Tarehe 20 watanipeleka msituni, maana Bwana anataka fundi aonekane. Nitasimama karibu na mfuga nyuki, na kabla hajaliinua nitasema kwa sauti. Watakachonifanya wanifanye. Sitakubali mtu aondoke duniani kwa kazi ya mikono yangu, halafu nirudi nyumbani kumwangalia Mama.

Moyo umetulia tangu nilipoamua. Nimeweza hata kula.

Msasa


22 Mei

Bibi Fundi,

Mdogo wako yuko hai. Yuko hospitali ya misheni, wodi ya wanaume, kitanda cha tatu kutoka dirishani. Naanza na hilo kwa sababu ndilo utakalolitafuta.

Sikulifungua gobore mbele ya watu kama nilivyokuambia. Nilikuwa na nia hiyo hadi nilipofika. Nilipomwona kaka yangu amekaa kwenye kiti cha baba yetu, anatabasamu, nikabadilika. Nililibeba hadi kwake kwa mikono miwili nikasema, "Wewe ndiye mkubwa. Fyatua wewe kwanza, mimi nifuate." Nilitaka akatae. Watu wamwone anavyokataa, wajiulize. Kukataa kwake kungenitosha.

Hakukataa. Alilipokea. Kisha akageuka akampa fundi.

Kati ya kumpa na kufyatuliwa ilipita muda wa kutosha mtu kusema sentensi moja. Nilikuwa nayo mdomoni. Lakini nilikuwa namtazama kaka yangu usoni, nikitaka kuona, na sikuisema.

Gharama zote za hospitali ni juu yangu. Najua hilo si jibu.

Mfuga Nyuki


3 Juni

Dada,

Anayeandika ni nesi wa wodi hii, ana mwandiko mzuri kuliko wangu wa zamani. Maneno ni yangu. Nimemwambia asirembe.

Mkono wa kulia umekatwa juu ya kifundo. Jicho la kulia linaona mwanga tu. Sikio la upande huo halisikii, kwa hiyo watu wanakuja upande wa kushoto.

Nataka ujue ilivyokuwa, maana utaambiwa mengi. Nilisimama karibu na mfuga nyuki kama nilivyokuandikia. Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Ndipo akampelekea Bwana Mbao gobore na kumwambia afyatue yeye. Nikamtazama mfuga nyuki usoni, nikajua kwamba anajua. Sijui nilijuaje. Mtu anayempa kaka yake heshima hasimami hivyo.

Bwana Mbao akanigeukia. Akasema kwa sauti ya kusikika na wote, "Kazi hii ni ya fundi. Yeye ndiye anayeiamini kuliko sisi." Watu wakapiga makofi. Akaninong'oneza, "Au una neno?"

Nilikuwa nalo, Dada. Neno nililokuwa nimebeba siku sita. Lakini nililiandaa kwa ajili ya kumwokoa mtu mwingine. Ilipofika zamu yangu mwenyewe, nilichokiona ni watu wote wale wakiuliza, nani alilifunika? Na jibu ni mimi. Niliona aibu. Unaweza kuamini? Mbele ya kufa niliona aibu.

Nikashindilia baruti kidogo, robo ya kipimo. Nikanyoosha mkono mbali na uso. Nilidhani robo itavumilika.

Sasa jambo jingine, na hapa nesi amesita, nimemwambia aandike. Kabla ya kufyatua niliinamisha gobore nikatazama bamba la chini. Mimi nikigonga msumari wenye ua, huwa naugeuza petali moja itazame mdomo wa mtutu. Ni kichaa changu, hakuna anayejua. Petali zile zilitazama kitakoni. Baba ndiye aliyegonga hivyo. Baba, na mtu mmoja aliyefundishwa na Baba kabla yangu.

Bamba lilikuwa limefunguliwa na kufungwa tena, Dada, kwa mkono wako. Kwa hiyo ufa uliuona.

Bwana Mbao bado yuko nyumbani kwake. Anasema fundi alikuwa mzembe, na kwenye karatasi za polisi ndivyo ilivyo mpaka sasa. Sijasema lolote kuhusu misumari. Nimemwambia askari sikumbuki.

Mama alikuwa anaumwa kweli?

Msasa


11 Juni

Mdogo wangu,

Hapana. Mama hakuwa anaumwa. Nilidanganya ili utoke mle, na karani alipoisoma barua nadhani alicheka.

Ni mimi niliyefungua na ni mimi niliyefunga. Nitakuambia yote, nawe usimpe nesi kazi ya kunijibu. Misumari ya kwanza ya bamba niliipunguza shingo kwa makusudi. Bamba likaanguka kama nilivyotaka, gobore likaletwa mezani kwangu, nikauona ufa. Nikamwandikia mfuga nyuki kila kitu. Akaniomba nilifunge tena ili alifungue mbele ya watu. Nilikaa na ombi hilo siku nzima. Mtutu ulikuwa peke yake mezani, kitako pembeni. Nilichohitaji kufanya ni kupiga ule ufa nyundo moja, ukapanuka, basi, lisingefyatuliwa na mtu yeyote mpaka dunia iishe. Nyundo nilikuwa nayo mkononi.

Sikuipiga kwa sababu nilitaka yule mwenye kiwanda aaibishwe. Mfuga nyuki aliponiandikia "mbele ya watu wote", roho yangu ilifurahi. Nilitengeneza misumari mipya ishirini na minne, mizuri kuliko yote niliyowahi kutengeneza. Nikaigonga nikifikiria uso wa Bwana Mbao. Wewe sikukufikiria. Nilikuwa nimeahidiwa hutaguswa, nikaliweka hilo pembeni kama kitu kilichokwisha.

Barua yako ya maziwa ilinifikia tarehe 21.

Mfuga nyuki anataka kuzima mambo. Ameniletea ujumbe kwamba kaka yake amekubali kumwachia msitu wote, na kwamba tukinyamaza itakuwa heri kwa kila mtu. Nimemjibu kwamba barua zake zote ninazo. Leo asubuhi nimezipeleka kituo cha polisi pamoja na zako, hata ile yenye ufa, hata ile ya misumari yenye meno. Na nakala ya ile niliyomwandikia yeye, yenye jina la kazi yangu chini. Nimeandika maelezo kurasa nne. Nimejitaja mimi kabla ya kukutaja wewe. Askari aliuliza kama ninaelewa nilichotia sahihi. Nikamwambia naelewa. Itawezekana tukasimama kizimbani pamoja na watu hao wawili, mimi na wewe. Sikukuuliza kwanza. Nilijua ungeniambia nisiende.

Mama nimemweleza. Aliomba nimtafutie viatu vyake.

Tunakuja wote wawili. Gari linaondoka kesho saa moja asubuhi, tutafika wodini Jumamosi wakati wa kuona wagonjwa. Mama ataingia kwanza, atakaa upande wako wa kushoto. Mimi nitangoja kwenye korido. Kama hutaki kuniona, huna haja ya kusema kitu. Mwambie nesi afunge mlango, nami nitakaa hapo nje mpaka Mama amalize.

Dada yako